Uso Chini ya Kofia

Ukizitazama picha za harusi ya Gorata, zile za Jumamosi ya kwanza, mtu anayeonekana vizuri kuliko wote ni mimi. Nimesimama nyuma ya bibi harusi, kando ya vyungu vya chuma vya miguu mitatu, nina paja la ng'ombe begani na mdomo uko wazi, maana nilikuwa namfokea mtu aliyeniletea kuni mbichi. Bibi harusi mwenyewe ni gauni jeupe linaloelea, na juu ya gauni kuna kitu cheusi. Hicho cheusi ndicho uso wake.

Aliyezipiga ni Tshenolo, jirani yetu hapa Thamaga. Tshenolo ana miaka arobaini na ushee, anakaa kwenye mashine ya kupokea pesa katika duka la misumari na mabati, na hajaolewa. Ni mtu wa kuomba radhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayesema samahani. Kamera yake aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyehamishiwa Maun, kamera ya kawaida kabisa, ina lenzi moja fupi isiyovuta kitu. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, mwendee kwa miguu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililomponza.

Gorata hakumchukua Tshenolo kwa kubana matumizi. Mama yake Gorata alifariki mtoto akiwa bado wa kusukwa, na Tshenolo ndiye aliyekuwa akimkalisha kibarazani kila Jumapili na kumsuka. Kwa hiyo harusi ilipokaribia, Gorata alikwenda dukani kwake, akasimama mbele ya mashine na kumwambia:

"Dada, utanipiga picha wewe. Sitaki mpiga picha wa Gaborone wa kunirusharusha kama mpira."

"Mimi? Kamera yenyewe hii? Gorata, mwanangu, nitakuharibia."

"Piga keki ukitaka, usipige ukitaka. Mimi nataka moja tu. Nataka picha moja ambayo baba ana uso."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Baba yake, Rra Modise, yaani Bwana Modise, ni rafiki yangu, mazizi yetu yamepakana huko malishoni, na sijui kama kuna mtu anayemjua bila kofia. Ni kofia ya kahawia yenye ukingo mpana, ameivuta mpaka kwenye nyusi. Katika kila picha ya nyumba ile yeye ni koti, kofia, na giza katikati. Gorata alipohitimu chuo, koti, kofia, giza. Na maneno yake yana uchoyo uleule. Wazee wa upande wa bwana harusi walipokuja kumposa binti, wakazungumza asubuhi nzima kwa adabu na mafumbo, Rra Modise alijibu neno moja tu: "Nimesikia." Watu wakasema mzee mkavu huyu, hata binti yake wa pekee hamtoi chozi. Gorata naye alibaki na neno hilo moja, hajui kama baba amefurahi au amekasirika, na kumuuliza ataanzia wapi? Ndiyo maana alitaka uso. Alitaka kuona mle ndani kuna nini.

Sasa, kwetu mtu asiyeolewa hakatizi katikati ya wazee waliokaa. Na ndani ya lolwapa, ule ua mdogo wa mbele ya nyumba wenye ukuta mfupi wa udongo, wazee wanapomfunda bibi harusi wanaingia waliooa na walioolewa tu, wanawake na mablanketi yao mabegani, wanaume na makoti yao hata jua liwe la kuchoma. Tshenolo anazijua heshima hizi kuliko mchungaji anavyoijua Biblia. Basi Jumamosi ile nzima alisimama getini. Akilazimika kupita, aliinama na kuzunguka nyuma ya viti. Rra Modise alivua kofia mara moja tu, wakati wa sala, ndani ya lolwapa, na wakati huo Tshenolo alikuwa mbali huko getini, jua likimwangalia usoni.

Jumatatu tulikusanyika kwa Shangazi Galeboe, dada yake Rra Modise, tukazitazama kwenye televisheni yake. Shangazi Galeboe ni mwanamke ambaye Mungu alimpa sauti ya watu wanne na hakumpa mshipa wa aibu.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Shangazi," Tshenolo akasema, sauti ya chini.

"Mimi? Mbona nimekuwa furushi la blanketi? Haya, endelea. Mungu wangu, hiki ni kisogo cha Mjomba Keoagile. Na hiki? Kisogo cha Mjomba Keoagile tena. Mwanangu, yule mzee alikupa nini?"

Tukavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, sikatai, hasa nilipotokea na paja langu. Waliokuwa ndani ya hema walikuwa vivuli vitupu, maana hema jeupe lilikuwa limewaka jua nyuma yao. Wachache waliomulikwa na ile taa ndogo ya kamera waling'aa jasho kama maandazi yaliyotoka kwenye mafuta. Tshenolo alikuwa amejikunyata kwenye ncha ya kochi, na kila tukicheka alisema samahani.

Gorata peke yake hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na televisheni, anatafuta. Koti, kofia, giza. Koti, kofia, giza. Picha zilipokwisha alisimama, akamshukuru Tshenolo kwa upole, vile unavyomshukuru mtu aliyekuja msibani, kisha akasema, "Kwa hiyo hata siku hiyo baba hakuwepo." Akatoka nje. Mimi nilijiona mpumbavu mkubwa na umri wangu wote huu.

Kulikuwa bado na Jumamosi ya pili, harusi ya kwa bwana harusi, huko Kanye. Gauni lilelile, watu walewale, ng'ombe mwingine. Ila katika ukoo wao baba wa bibi harusi hafuatani na binti kwenda ukweni. Shangazi na mjomba ndio wanaompeleka. Rra Modise alikuwa ameshajirudia zake kwa ng'ombe. Kanye kungekuwa na kila mtu isipokuwa yule aliyetakiwa.

"Wachukue mtu mwingine," Tshenolo akasema. "Mimi basi. Kamera hii nitamuuzia mtu."

Shangazi Galeboe alizima televisheni. "Ulikuwa umesimama wapi, wewe?"

"Getini, Shangazi."

"Getini! Kwani wewe mbwa?"

"Niliona ni heshima. Wazee wamekaa, mimi nitapitaje na..."

"Heshima yako imetuletea visogo. Kesho ukitoka kazini njoo hapa na hiyo kamera. Na uvae miwani ya mbao."

Wiki ile yote, kila jua lilipoanza kushuka, ukipita kwa Shangazi Galeboe ulimkuta amesimama uani na sare yake nyeupe ya kanisa, mikono kiunoni, anapigwa picha huku anatukana. Mimi nilipeleka kiti nikakaa, maana hapa kijijini burudani si nyingi. Mwanzoni Tshenolo alisimama kule kwenye mti wa mlangali.

"Usinipige kama unapiga mlima! Njoo!"

Akasogea.

"Njoo bado! Mimi siumi!"

Alipofika pa kutosha, picha ikatoka na Shangazi mzima, lakini sare ikawa kijivu na uso mweusi tii. Walibishana sana juu ya hilo, Shangazi akidai kamera ina chuki na watu weusi. Siku iliyofuata Tshenolo alikuja na jibu alilolipata kwa kuwapiga wenzake wa dukani saa ya chakula. Kamera ikiona nguo nyeupe inadhani mwanga umezidi, inajifungia, na uso unaachwa gizani. Kuna kitufe cha kuiambia ifungue zaidi. Uso ukipata mwanga wake, nguo itajitegemea. Alipobonyeza kitufe kile, Shangazi akatokea kwenye kioo cha kamera na mashavu yake, na kidoti chake cha kidevuni, na lile jicho lake la kutafuta ugomvi. Shangazi aliitazama picha ile muda mrefu.

"Kumbe mimi mzuri hivi na hamniambii," akasema.

Baada ya hapo alikuwa mtumwa wa kamera. Ukuta wa nyumba unaotoa kivuli jioni, wakautumia. Kitambaa cheupe cha meza kikitandazwa upande wa jua, kinarudisha mwanga usoni kwa upole, bila kumfanya mtu akunje macho, basi Shangazi akavamia kabati la mkwe wake. Na kabla ya kubonyeza, Tshenolo alijifunza kuangalia nyuma ya mtu kuna nini. Hilo walisema wamelijifunza kwangu na paja langu.

Kanye mambo yakawa mengine. Shangazi Galeboe alitangulia na kitambaa cha meza mkononi kama bendera, na Tshenolo nyuma yake.

"Mjomba Keoagile! Geuka! Kisogo chako tunacho cha kutosha. Nyanyua kidevu. Unatazama mguu wa nani? Mma, wewe mwenye blanketi la kijani, toka humo hemani uje kivulini. Bibi harusi, acha kutabasamu na meno, tabasamu na wewe mwenyewe."

Mashangazi wa bwana harusi, waliokuwa wamepanga kuleta mtu wa lenzi ndefu, walikuja kumchungulia Tshenolo begani, wakaona nyuso, wakaenda kujipaka mafuta upya. Gorata alitoka vizuri, uso wake wote, na vile vifundo vya nywele alivyosukwa na Tshenolo kama zamani. Alipoonyeshwa picha hizo alimkumbatia Tshenolo akacheka kwa furaha. Halafu macho yake yakaenda tena kando ya picha, upande ambao wazee wamepangwa, akakumbuka hakuna wa kumtafuta pale. Tshenolo alimwona. Mimi nilimwona Tshenolo akimwona.

Tulirudi Thamaga na gari langu, Tshenolo amebanwa katikati, kamera mapajani. Tulipolipita daraja akauliza:

"Shangazi, mkimkabidhi mtoto ukweni, si mnarudi kutoa taarifa kwa baba yake?"

"Kesho alasiri. Nimeshamtumia mtu aje kutoka malishoni."

"Akipokea taarifa, anavua kofia?"

Shangazi aligeuka mzima mzima kwenye kiti. "Lazima avue. Neno la ukweni hulipokei na kofia kichwani."

"Lakini mimi siruhusiwi kuingia lolwapa."

"Nani kasema uingie?" Shangazi akasema. "Ukuta unakufika kiunoni. Rra, hili gari haliendi haraka zaidi ya hapa?"

Rra Modise alipofika Jumapili alikuta kiti chake kimesogezwa mpaka karibu na ukuta, pale kivuli cha nyumba kinapoangukia, na mbele ya kiti, kwenye kamba, shuka nyeupe zimeanikwa zote zikilikabili jua.

"Galeboe," akasema, "tangu lini mnafua Jumapili?"

"Tangu uoze binti na uniachie wageni wa kulala. Kaa."

"Kiti changu kinakaa kule."

"Kule kuna siafu."

Hakukuwa na siafu hata mmoja. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, mimi nikaangalia mawingu. Akakaa. Tukaingia na sisi, wanaume tukiwa na makoti, wanawake na mablanketi. Tshenolo alikuwa nje ya ukuta, ameweka viwiko juu yake ili kamera isitikisike, na kwa mara ya kwanza hakuwa amejificha. Mtu akikaa kwenye kile kiti na wewe ukiwa pale ukutani, lenzi fupi inatosha kabisa.

Mjomba Keoagile alikohoa akaanza. Rra Modise alivua kofia, akaiweka gotini. Paji lake la uso lilikuwa na rangi mbili, chini nyeusi ya jua, juu laini kama la mtoto.

"Tumefika, Rra. Tumepokelewa kwa vigelegele. Mtoto tumemweka mikononi mwa watu. Hatukusikia neno baya."

Rra Modise akaitikia kwa kichwa.

"Leo asubuhi, kabla mimi sijaondoka kule, wamempa sufuria, kama desturi. Akasonga ugali wa mtama. Wakwe wakala, wakaomba tena. Mama mkwe akamuuliza, mama yako alikufundisha vizuri, alikufa lini? Mtoto akasema, mama alikufa kabla sijaweza kushika mwiko. Aliyenifundisha ni baba."

Hapo ndipo nilipouona uso wa rafiki yangu ukifunguka. Kidevu kilitetemeka kwanza, halafu machozi yakaja yenyewe, hayakuombwa, yakashuka kwenye mashavu yote mawili, na katikati ya machozi yale alikuwa anatabasamu. Mkono ukaenda kwenye kofia. Ukasita, maana taarifa ilikuwa haijaisha na kofia haivaliwi.

"Nimesikia," akasema.

Kamera ikalia. Katika ukimya ule ililia kama kijiti kikivunjika. Vichwa vyote viligeuka kwenye ukuta, Mjomba Keoagile akafungua mdomo, na mimi nikamtazama Tshenolo nikingoja ile samahani yake. Haikuja. Alisimama wima pale pale, anamtazama Rra Modise usoni, naye analia.

Taarifa ilipokwisha, alizunguka na kusimama kwenye uwazi wa lolwapa, hakuvuka. Rra Modise mwenyewe ndiye aliyeinuka akamwendea. Tshenolo akamgeuzia kamera.

"Rra, mtoto aliniomba picha moja tu yenye uso wako. Bado sijamtumia. Ukisema nifute, nafuta hapa hapa unaona."

Mzee alikishika kile kioo kidogo kwa mikono miwili, akakiweka mbali, akakiweka karibu. Nilisogea na mimi. Alikuwa pale mzima, kila mkunjo, kila chozi, mwanga wa zile shuka umemlalia usoni, na macho yake ni macho ya Gorata kabisa. Miaka yote niliyochunga naye nilikuwa sijaliona hilo.

"Kofia hii," akasema, kama vile anajisemea, "nilianza kuivuta chini mwaka ule wa mama yake. Mtoto alikuwa ananitazama sana. Nilisema akiniona nalia ataogopa." Akamrudishia Tshenolo kamera. "Halafu nikasahau kuipandisha."

Shangazi Galeboe akajifuta macho kwa ncha ya blanketi.

"Mpelekee mtoto," akasema Rra Modise. Akavaa kofia yake akaenda kutazama maji ya mbuzi.

Tshenolo aliituma kwa simu jioni ile ile, akiwa amekaa kwenye kiti kile kile cha mzee. Gorata akapiga. Tshenolo alishikilia simu sikioni muda mrefu, akiitikia, "Ee. Ee, mwanangu. Ndiye yeye. Ndivyo alivyokuwa," na upande wa pili kulikuwa na kilio tu, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Siku hizi Tshenolo anaalikwa harusi za Thamaga mpaka Moshupa, kwa kamera ile ile na lenzi ile ile fupi. Hajaolewa bado na lolwapa haingii. Lakini kila nyumba ukuta una upande wa nje, na wazee wamezoea kukuta viti vyao vimehamishwa na mashuka yameanikwa siku za ajabu.

Mvua zilipoanza nilimpeleka Rra Modise Kanye kumsalimia binti yake, safari yake ya kwanza katika nyumba ile. Picha ilikuwa imetundikwa ukutani, mkabala na mlango, kubwa kama dirisha. Aliiona akiwa bado kizingitini. Alisimama pale, nami nyuma yake na kiroba cha mtama begani nikishindwa kupita. Kisha alivua kofia, akatafuta msumari, akaitundika, akakaa.

Baadaye jua likazunguka na kuingia dirishani, likampiga machoni. Gorata akainuka kumletea kofia yake.

"Vaa, baba. Jua linakuumiza."

"Iache," akasema mzee, akikunja macho, akimtazama binti yake. "Umeshaniona."